Upanga wa jogoo umebadilika rangi: mkague hivi kabla ya kukimbilia dawa

Wanaofuga kuku wachache uani, iwe Makorora, Mikanjuni au Pongwe, wana swali moja lisilokwisha: upanga wa jogoo umegeuka rangi, nimpe dawa gani? Jibu la haraka ni kwamba usimpe dawa yoyote kwanza. Upanga hautaji jina la ugonjwa. Unachokueleza ni kwamba damu imepungua, au damu ipo lakini haina hewa ya kutosha, au ngozi ya upanga wenyewe imeumizwa. Hayo ni matatizo matatu tofauti na kila moja lina njia yake. Antibiotiki ya kubahatisha kutoka duka la pembejeo haitibu minyoo, haitibu utitiri, haitibu joto wala mdondo, na hizo ndizo sababu kubwa za upanga kuharibika rangi huku Tanga.

Upanga ni ile nyama nyekundu juu ya kichwa, ambayo wengine huiita undu na wengine kilemba. Zile nyama mbili zinazoning'inia chini ya mdomo tutaziita ndevu. Kuku hatoki jasho. Joto la mwili hulitoa kwa kuhema na kwa kupitisha damu nyingi kwenye upanga na ndevu, karibu kabisa na ngozi. Ndiyo maana kasoro ya damu huonekana hapo mapema kuliko mahali pengine. Nadharia inatosha.

Andaa vitu hivi kwanza

- Tochi yenye mwanga mweupe, na betri au chaji ya kutosha.
- Kanga kuukuu au taulo ya kumfungia jogoo mabawa.
- Tenga kubwa au kizimba cha kumtenga, mbali na wenzake angalau hatua 10, penye kivuli na upepo.
- Maji ya chumvi ya kusafishia: lita 1 ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko 2 vya chai vya chumvi, bila kurundika.
- Pamba, iodini ya kupaka, mafuta ya mgando au mafuta ya nazi.
- Glovu. Ukizikosa, sabuni na maji karibu kabisa na mahali pa kazi.
- Mizani ya kuning'iniza, kama ile ya wauza samaki.
- Karatasi nyeupe au kitambaa cheupe, kwa kazi ya usiku.
- Daftari. Andika tarehe, rangi, uzito na kinyesi. Piga na picha, siku zote mahali palepale na saa ileile.

Ukimkuta hivi, acha kusoma hatua zingine

Jogoo ameachama mdomo kivulini, anahema kwa nguvu, upanga wa zambarau, mabawa ameyatanua mbali na mwili: hilo ni joto mpaka ithibitike vinginevyo, hasa wakati wa kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, saa sita hadi saa kumi. Mpeleke kwenye kivuli penye upepo. Tumbukiza miguu yake kwenye beseni la maji ya kawaida, maji yafike kwenye goti, kisha lowanisha upanga na ndevu kwa kitambaa. Mwekee maji ya kunywa mbele yake. Usimwagie maji ya barafu mwili mzima, na usimmiminie maji kooni. Tundu la pumzi la kuku liko wazi nyuma tu ya ulimi, na maji ya kulazimisha huingia humo. Kama hawezi kunywa mwenyewe, dondoshea tone moja moja pembeni mwa mdomo, usubiri ameze.

Ikiwa ni joto, ndani ya nusu saa hivi utaona nafuu na upanga ukirudi wekundu. Asiporudi, au kuku wengine wawili watatu nao wako hivyo asubuhi penye ubaridi, hilo si joto. Nenda kwenye sehemu ya upanga mweusi hapo chini na umwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo.

Kumkagua hatua kwa hatua

1. Mtazame kwa mbali dakika 10. Asijue kuwa unamtazama. Je, anawika? Sauti ni yake ya siku zote au imekwaruza? Anatembea na majike au amejitenga pembeni, shingo ameivuta ndani, manyoya yamesimama? Anakula kweli au anadonoa na kuacha? Jogoo mwenye upanga mbaya lakini anawika, anatafutia majike chakula na kupigana na jogoo wa jirani, anaweza kusubiri hadi jioni. Jogoo mwenye upanga mwekundu lakini amejikunyata hawezi kusubiri.

2. Mkamate bila kumkimbiza. Njia nzuri ni magharibi, anapokuwa ameshapanda kwenye fito za kulalia, halafu umweke kwenye tenga hadi asubuhi. Ukimkimbiza ua mzima kisha ukamwangalia upanga, utaona rangi ya mbio, siyo rangi ya afya. Mfunge kanga juu ya mabawa, mkumbatie ubavuni.

   *Kosa la kawaida:* kumning'iniza kichwa chini kwa miguu. Matumbo hushuka na kubana mifuko ya hewa, damu inajaa kichwani, na upanga unakuwa wa zambarau mikononi mwako. Kuku wengi wanaonunuliwa sokoni Mgandini wakafika nyumbani na "upanga mweusi" walibebwa hivyo tu kwenye pikipiki. Waache wasimame kwa miguu yao nusu saa kisha utazame upya.

3. Soma rangi nje, kwenye mwanga wa jua la asubuhi, lakini kivulini. Usiisome chini ya turubai la bluu, wala kwenye taa ya sola usiku. Turubai la bluu humfanya kila jogoo aonekane mgonjwa wa moyo. Bonyeza upanga kati ya kidole gumba na cha shahada kwa sekunde 2, achia. Alama ya kidole itakuwa nyeupe, kisha wekundu urudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ukirudi taratibu, damu haizunguki vizuri. Kama upanga tayari ni mweupe kiasi kwamba alama haionekani kabisa, damu imepungua sana.

   Gusa pia joto lake. Upanga wa baridi na wa zambarau kwa wakati mmoja ni dalili mbaya kuliko ule wa zambarau ulio na joto.

4. Kagua ngozi yenyewe, sentimita kwa sentimita. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Vidoa vyeusi si vya aina moja:
   - Vinafanana na pilipili manga iliyosagwa, vimesongamana kwenye upanga na kuzunguka macho, na ukivikwaruza kwa ukucha havitoki kirahisi: hao ni viroboto. Jike la kiroboto huyu huzamisha mdomo kwenye ngozi na kukaa hapohapo siku nyingi.
   - Vimeinuka kama chunjua, mwanzo vya rangi ya maziwa au njano, baadaye vinakuwa kahawia hadi vyeusi na vigumu: ndui ya kuku.
   - Ni bapa, havina mpangilio, pengine vina mchirizi: damu iliyokauka baada ya kudonolewa au kupigana. Paka maji ya chumvi kwa pamba dakika 2, vitalainika na kutoka.
   - Ukungu mweupe kama unga, unaoanza na madoa madogo na kuenea: fangasi wa ngozi. Lakini hakikisha kwanza hakuoga kwenye majivu au chokaa. Futa kwa kitambaa kibichi. Vumbi hutoka, fangasi hubaki kama magamba.

5. Macho, pua, mdomo. Kamasi, povu kwenye kona ya jicho, uso kuvimba, harufu mbaya: mafua ya kuku. Fungua mdomo na umulike. Utando wa njano uliong'ang'ania kooni unaweza kuwa ndui ya ndani, ambayo ni hatari zaidi kuliko ile ya upanga kwa sababu huziba pumzi. Usiubandue. Msogeze sikioni usikilize: pumzi ya kuku mzima haina sauti.

6. Gole. Ule mfuko wa chakula chini ya shingo, mbele ya kidari. Upapase alfajiri kabla hajala. Unapaswa kuwa mtupu. Ukiwa umejaa na mgumu kama mpira, chakula kimekwama. Ukiwa umejaa maji na mdomo unanuka uchachu, chakula kimeoza humo. Machicha ya nazi yaliyolala yakachacha ni mkosaji wa mara kwa mara katika majiko ya pwani, nayo hutupiwa kuku kila jioni.

7. Kidari na uzito. Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Kwa jogoo mwenye afya unausikia mfupa, lakini nyama ya pande zote mbili imejaa. Ukihisi mfupa umesimama kama ncha ya jahazi na pembeni kuna shimo, amekonda kwa wiki kadhaa, siyo tangu jana. Mpime. Majogoo wa kienyeji wengi huwa kati ya kilo 1.5 na 2.5, lakini namba yenye maana ni ile ya jogoo wako mwezi uliopita.

8. Chini ya manyoya na sehemu ya haja. Fungua manyoya chini ya mabawa na kuzunguka njia ya haja. Chawa ni wa rangi ya majani makavu na wanakimbia. Mayai yao hushikamana kwenye shina la unyoya kama vipande vya chumvi. Kinyesi kilichoganda hapo, cha kijani au chenye damu, kiandike.

9. Kinyesi cha usiku mmoja. Kwenye tenga tandika gazeti. Asubuhi kisome. Cha kawaida ni kigumu cha kahawia chenye kofia nyeupe. Chembe nyeupe kama punje za mchele zinazojongea ni vipande vya tegu. Kijani kibichi cha majimaji ni cha kuogopwa, ingawa jogoo ambaye hajala kabisa naye hunya kijani.

10. Rudi bandani usiku, saa tatu au saa nne, na tochi. Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotoa jibu kwa panga nyingi zilizopauka. Utitiri mwekundu na kupe laini hawakai mwilini mchana. Hujificha kwenye nyufa za udongo, chini ya makuti, mahali fito inapokutana na ukuta, na hutoka kunyonya kuku wakilala. Pitisha kitambaa cheupe chini ya fito kwa nguvu. Mistari midogo ya damu ikibaki kwenye kitambaa, jogoo wako ananyonywa kila usiku.

Upanga umepauka au umekuwa mweupe

Maana yake ni upungufu wa damu, na kwa jogoo wa uani sababu tatu ndizo zitangulize: wadudu wa usiku, minyoo, njaa. Kuhara damu ni ugonjwa wa vifaranga zaidi. Jogoo aliyekomaa humpata mara chache.

*Wadudu wa bandani.* Kumpaka jogoo dawa na kuliacha banda ni kupoteza fedha. Toa kila kitu nje. Choma au fukia matandiko mbali na banda. Fito zimwagie maji yanayochemka pande zote, hasa kwenye ncha. Ziba nyufa kwa udongo mpya, kisha paka chokaa kuta zote hadi chini. Tumia dawa ya unga ya wadudu iliyoandikwa kwamba ni ya kuku, kwa kipimo cha kwenye kifungashio. Rudia yote baada ya siku 7, maana mayai ya utitiri hayafi mara ya kwanza na kizazi kipya hukamilika ndani ya siku 7 hadi 10. Usifikiri kuliacha banda tupu miezi miwili kutawaua kupe laini. Hukaa bila kula zaidi ya mwaka. Tena kupe hawa hawanyonyi tu, huambukiza homa inayompa kuku kinyesi cha kijani na kumlegeza miguu. Jogoo aliyepauka, mwenye joto kali, miguu haina nguvu, na bandani una kupe, mwonyeshe daktari wa mifugo, maana homa hiyo inatibika ikiwahiwa.

Mafuta ya taa, dizeli na dawa za kunyunyizia mimea zisimguse jogoo. Huunguza ngozi, na akijisafisha manyoya humeza sumu.

*Minyoo.* Paiperazini inatosha kwa minyoo mviringo, lakini haiui tegu. Kwa hiyo kile ulichokiona kwenye gazeti ndicho kinachoamua dawa ya kununua. Waondolee kuku maji kwa muda wa saa mbili alfajiri, kabla jua halijapanda, kisha weka dawa kwenye maji machache watakayoyamaliza asubuhi hiyo, kwa kipimo cha lebo. Dawa iliyochanganywa kwenye ndoo kubwa ya siku nzima hainyweki ikatosha. Rudia baada ya wiki 2 hadi 3, wale wadogo waliokuwa bado kwenye kuta za utumbo watakuwa wamekua. Baada ya hapo kila miezi 3, kwa kuku wote siku moja.

*Chakula.* Jogoo mkubwa anahitaji takriban gramu 100 hadi 130 za chakula kwa siku. Pumba tupu na mabaki ya ugali havitengenezi damu. Ongeza dagaa, mchicha, majani ya mlonge, mashudu. Dagaa wawe wasio na chumvi. Mabaki ya papa na ng'onda ni hatari ya kweli: chumvi nyingi humuua kuku, naye kwanza hunywa maji bila kukoma, hunya majimaji, kisha hulegea. Mahindi yenye ukungu pia tupa, hata yakipepetwa sumu hubaki ndani.

Upanga hauwi mwekundu kesho yake. Ukishaondoa chanzo, hesabu wiki 2 hadi 3, na tumia picha zako kulinganisha, usitegemee kumbukumbu.

Upanga wa zambarau, bluu au mweusi wote

Hapa pumzi au moyo umeshindwa. Baada ya kuondoa joto, mbio na kubebwa kichwa chini, jiulize swali moja: ni yeye peke yake, au na wengine?

Akiwa peke yake, angalia gole lililojaa, utando kooni, mafua, au uzee na unene. Jogoo wa miaka mingi huweza kuwa na moyo dhaifu, upanga ukawa na ncha za zambarau kila akipanda jike na kurudi baada ya dakika chache. Huyo hana dawa. Mpe kivuli, mpunguzie majike, asikimbizwe.

Wakiwa wengi, fikiria mdondo, ambao wengine huuita kideri. Utaona kuhema kwa mdomo wazi, kinyesi cha kijani, mabawa kushuka, shingo kupinda, na vifo vinavyoongezeka kila siku. Hauna tiba. Kipindupindu cha kuku hufanana nao: upanga unakuwa mweusi ghafla, wengine hufa usiku bila dalili, na kwa wale wanaodumu ndevu huvimba. Hicho kinasikia dawa kikiwahiwa, ila dawa iamuliwe na mtaalamu. Mafua makali ya ndege nayo huleta upanga mweusi na uso kuvimba, na hayo huweza kumpata binadamu. Kwa macho tu huwezi kutenganisha hayo matatu, hata ukiwa umefuga miaka 20. Kwa hiyo, wakifa kuku wawili au zaidi kwa siku moja:

1. Usiuze, usimgawie jirani, usichinje mgonjwa ukamla. Tunajua fedha inauma. Lakini kuku mmoja aliyepelekwa mtaa wa pili kuokoa hela humaliza mabanda ya mtaa mzima.
2. Mpigie afisa mifugo wa kata kabla hujazika.
3. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, una kituo Tanga. Mzoga unaofaa kupimwa ni ule wa saa chache, uliowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko na barafu kuuzunguka. Usiugandishe. Muulize afisa mifugo kwanza jinsi ya kuufikisha.
4. Waliobaki wasitoke. Viatu vya bandani visiingie kwingine.
5. Mizoga isiyopimwa ichomwe au izikwe kina cha mita 1, mbali na kisima.

Viroboto, ndui na fangasi kwenye upanga

Viroboto: paka mafuta ya mgando au ya nazi kwa wingi juu yao, wafunike kabisa. Watakosa hewa. Usipake ndani ya jicho. Rudia baada ya siku 3. Usiwang'oe kwa nguvu, ngozi huchanika na usaha huingia. Mayai yao huanguka mchangani, kwa hiyo fagia ua, choma takataka, badilisha maranda kila wiki kwa mwezi mzima, na umtazame mbwa na paka wa nyumbani, nao huwabeba.

Ndui huja na mbu, kwa hiyo tarajia baada ya masika na vuli. Haina dawa ya kuua kirusi. Paka iodini kwenye vidonda mara 1 kwa siku, safisha macho kwa maji ya chumvi ili yasizibe, hakikisha anaona chakula. Ndui ya ngozi hupona kwa wiki 2 hadi 4. Usibandue magamba: kirusi kinaishi humo muda mrefu, na ukiyatupa chini unaambukiza banda.

Fangasi: lainisha magamba kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha, paka iodini au krimu ya fangasi kila siku hadi wiki 2. Vaa glovu, fangasi hao wanaweza kukupata nawe.

Kabla hayajafika

Chanjo ya mdondo aina ya I-2, ambayo TVLA hutengeneza kwa jina la TEMEVAC, ni tone 1 kwenye jicho 1, kuku wote, kila miezi 3. Panga tarehe na majirani mchanje siku moja, chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako. Chanja wasio wagonjwa tu. Ya ndui huchomwa kwenye utando wa bawa. Baada ya siku 7 hadi 10 angalia kama pamevimba kidogo. Pasipovimba, chanjo haikushika.

Na jogoo uliyemnunua Muheza au Handeni akae peke yake wiki 2 hadi 3. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kwa ajili ya magonjwa kamba hiyo ina faida.

Ukikwama

*Upanga ni wa giza kila asubuhi nikifungua banda, saa mbili umekuwa mwekundu.* Banda halina hewa. Inama hadi usawa wa kuku ukivuta pumzi. Macho yakiwasha, ni hewa ya kinyesi. Toboa madirisha ya wavu juu ya kichwa cha kuku pande mbili zinazotazamana, toa matandiko mabichi, na usizidishe kuku 4 kwa mita 1 ya mraba. Bati bila dari ongezea makuti juu yake.

*Ncha imekuwa nyeusi, kavu, ngumu, lakini jogoo ni mzima.* Mara nyingi ni sehemu iliyokufa baada ya kuumizwa. Vitabu vya nchi za baridi vitakuambia ni baridi kali. Tanga hakuna baridi hiyo, mtafute aliyempiga. Usikate. Paka iodini siku 5, itaanguka yenyewe. Ikilainika, ikanuka au weusi ukisogea chini, mwone daktari.

*Majogoo wawili, mmoja upanga umepauka na kusinyaa, sikuona ugonjwa.* Ameshindwa vita, na hafikii chakula. Watenganishe. Jogoo 1 kwa majike 8 hadi 10 anatosha.

*Anaangusha manyoya na upanga umefifia.* Akibadilisha manyoya hiyo ni kawaida. Mwongezee dagaa, subiri wiki 6 hadi 10.

*Jogoo wa kuchi nimemnunua, upanga mdogo kama nusu ya korosho.* Ndivyo walivyo. Soma rangi kwenye uso na ndevu. Na jogoo aliyezaliwa na ngozi nyeusi, upanga wake ulikuwa wa giza tangu utotoni. Kwake tumia pumzi, gole na kinyesi, uache rangi.

*Nimempa maji ya sukari na chumvi, amezidi kuharisha.* Kipimo kilizidi. Ni lita 4 za maji, sukari vijiko vikubwa 4, chumvi nusu kijiko cha chai, kwa siku 1 tu, kisha maji matupu.

*Nilishampa antibiotiki.* Maliza siku zilizoandikwa kwenye lebo, usikatishe njiani. Usimchinje, wala usile mayai ya majike waliokunywa maji yaleyale, mpaka siku za kusubiri zilizoandikwa hapo ziishe. Mwambie daktari jina la dawa na siku uliyoanza, maana inaweza kuficha majibu ya maabara.